Mdogo wangu kapata uuguzi na saikolojia, anataka afya ya akili. Mshahara utabeba deni la Bodi?

Dada wa Mwaloni (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mawazo ya walioko kwenye sekta, hasa mliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu na sasa mnakatwa.

Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita PCB, Division One ya pointi 9. Amechaguliwa sehemu mbili: shahada ya uuguzi, miaka minne, chuo binafsi, na shahada ya saikolojia, miaka mitatu, chuo cha serikali. Muda wa kuthibitisha udahili unakwisha na lazima abaki na chuo kimoja.

Anachotaka yeye ni kufanya kazi na wagonjwa wa akili. Mjomba wetu aliugua sisi tukiwa wadogo, tukikaa hapa hapa Kirumba, Mwanza, na huyu mtoto ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula na kumbembeleza ameze dawa wakati watu wazima wameshamchoka. Kwa hiyo habari ya "mwambie asome famasia" tulishaimaliza nyumbani, naomba tusiirudie.

Shida ni hela. Baba alishafariki. Mama anauza dagaa soko la Mwaloni, mimi nina kiduka cha vipodozi Igoma. Ada ya uuguzi ni kama mara mbili ya ada ya saikolojia, na Bodi hatujui itampa kiasi gani. Mama anasema yuko tayari kukopa kwenye hizi ofisi za mtaani ili mtoto asikose nafasi.

Ninachouliza: kozi ipi kati ya hizi mbili mshahara wake unaweza kubeba deni bila kumnyonga mtoto? Na huo mwaka mmoja wa ziada wa uuguzi una thamani kweli?

Kaka Nyakato

Uuguzi. Hata usifikirie mara mbili. Wenye uzoefu watakufafanulia.

Mhasibu wa Halmashauri

Dada, mimi nashughulika na mishahara ya watumishi, acha nikupe hesabu halafu uamue mwenyewe.

Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa 1,000,000 serikalini. Sisemi ndio mshahara wa muuguzi au wa mwanasaikolojia, ni namba rahisi ya kupigia hesabu. PSSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 5 ni 50,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 30,000. Kodi inapigwa kwenye 950,000 iliyobaki baada ya kutoa mchango wa pensheni, inakuja 115,500. Mpaka hapo mtu anabaki na 804,500. Sasa Bodi inaingia: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. Mkononi inafika 654,500. Hiyo ndiyo hela ya kupanga nyumba, kula, nauli na kumtumia mama.

Watu wengi wanakosea hapa: wanadhani ile 15 inakatwa kwenye kilichobaki. Inapigwa kwenye msingi, kabla ya makato mengine. Mwajiri akishakuajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28, kwa hiyo usitegemee kujificha.

Deni lenyewe linajengwaje? Bumu, hela ya chakula na malazi, ni 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500. Mwaka wa masomo wenye siku kama 240 unakula milioni 2.4. Vitabu na viandikwa 200,000. Weka na ada, tuseme Bodi imemlipia milioni 2 kwa mwaka. Jumla milioni 4.6 kwa mwaka, miaka minne milioni 18.4, bado hela ya mafunzo kwa vitendo. Kwa makato ya 150,000 ni zaidi ya miaka kumi, labda mshahara upande na makato yapande nao. Saikolojia ya miaka mitatu, ada ikiwa milioni 1.3, inakuja milioni 11.7. Tofauti ya karibu milioni saba, si ndogo.

Lakini kuna jambo linalobadilisha picha yote. Zamani deni lilikuwa linaongezeka asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mkopo. Piga mwenyewe: deni la milioni 18, asilimia 6 ni 1,080,000 kwa mwaka. Mwenye msingi wa 600,000 alikuwa anakatwa 90,000 kwa mwezi, kwa mwaka 1,080,000. Yaani alilipa mwaka mzima na deni halikushuka hata shilingi. Ile asilimia 6 ilifutwa Mei Mosi ya 2021, Rais Samia alitangaza hapo hapo uwanja wa CCM Kirumba, na ile faini ya asilimia 10 kwa wachelewaji ikafutwa pia. Tangu hapo deni la Bodi linapungua tu, haliumuki. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, deni la Bodi lisikutishe. Kinachonitisha kwenye maelezo yako ni hiyo sentensi ya mwisho kuhusu mama.

Mzee wa Sengerema

Nakazia hapo kwa mhasibu. Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nimeona watoto wengi wakienda chuo kutoka huku kwetu. Deni lililowaangusha wazazi halikuwa la Bodi. Lilikuwa kausha damu, hiyo mikopo ya mtaani.

Mama anachukua 500,000 ya kujazia ada, anatakiwa kurejesha 650,000 ndani ya mwezi kwa marejesho ya kila wiki. Dagaa wana msimu wao. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaingii ziwani, na mvua zikikaza dagaa hawakauki, wanaoza vichanjani. Lakini yule wa marejesho anakuja Jumatatu na mwezi wake na mvua yake havimhusu. Mama anakopa kwa wa pili kumlipa wa kwanza. Nimeona nyumba ikipoteza kitanda na jiko la gesi, na mtoto yuko chuoni hajui lolote, anapigiwa simu tu kwamba tuko salama.

Mtoto asome, nampongeza sana. Lakini kipimo cha kozi kiwe hiki: ile ambayo mama hatagusa mikopo hiyo.

Saikolojia Kanda ya Ziwa

Dada, mimi nina hiyo shahada ya saikolojia, niongee kwa sababu najua mdogo wako anafikiria nini.

Nilipenda kusoma saikolojia na ninaipenda mpaka leo. Nilipomaliza nilipata kazi kwenye mradi wa VVU, nikiwa mshauri nasaha wa vijana wanaotumia dawa, kwenye mialo na vituo vya afya kandokando ya ziwa. Kazi ilikuwa nzuri na malipo yalikuwa mazuri, Bodi walikuwa wanakata na sikuumia. Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada, tukaambiwa tusubiri siku 90, na baada ya hapo mikataba haikurudi. Wenzangu wauguzi waliokuwa kwenye mradi ule ule, wengine waliajiriwa hospitali binafsi, wengine waliomba serikalini kwa sababu wana leseni ya Baraza la Uuguzi. Sisi wa ushauri nasaha tulirudi mtaani.

Sasa naingia shule binafsi kwa makubaliano, shule tatu, nazungumza na wanafunzi na walimu wao. Kuna mwezi naingiza vizuri, na likizo ya Juni na Desemba hakuna kitu. Kwa aliyejiajiri Bodi inataka angalau 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Nalipa. Lakini kwa mwajiriwa makato yanapanda na kushuka na mshahara, na kwangu ile laki iko pale pale, shule zikiwa zimefunguliwa au zimefungwa.

Simwambii asisome saikolojia. Namwambia shahada ya kwanza ya saikolojia hapa kwetu ni nusu ya safari. Ili akae na mgonjwa hospitalini kama mwanasaikolojia tiba anahitaji uzamili, Muhimbili wanayo. Na uzamili wengi wanajilipia. Kama nyumbani hamuoni hiyo hela ya pili itatoka wapi, miaka mitatu ya bei nafuu inaweza kuwa ghali kuliko minne.

Muuguzi Ukerewe

Nimeusoma uzi wote toka juu. Dada wa Mwaloni, mimi ni muuguzi, nafanya kliniki ya afya ya akili huku visiwani, na nimesoma kwa mkopo. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Kwanza nikueleze kazi ilivyo, maana mshahara bila kuijua kazi hausaidii kuamua. Siku ya kliniki kwetu wanakuja watu wa aina mbili zaidi: wenye kifafa na wenye magonjwa ya akili yenyewe. Wengi walishapita kwa mganga kabla ya kufika kwetu, na huwa simgombezi mtu kwa hilo, kwa sababu nikimgombeza mama mwezi huu, mwezi ujao hamleti mwanawe. Wengine wako kwenye sindano ya mwezi. Nina kijana mmoja mvuvi, anatoka kisiwa kidogo kwa mtumbwi. Akipata sindano yake kwa wakati anavua, anajenga, anasaidia mama yake. Upepo ukivuma wiki mbili na chombo kisitoke, anaanza kusikia sauti zinazomwita majini. Ninachofanya ni kumpigia kaka yake kwa vocha yangu kabla tarehe haijafika, nimwambie bahari imetulia leo, mleteni leo. Huku kwetu ziwa watu wanaliita bahari. Hiyo simu haimo kwenye majukumu yangu ya kazi, lakini ndiyo inayomweka yule kijana nje ya kamba.

Aliyempelekea mjomba wake chakula akiwa mtoto ataiweza kazi hii. Naamini hivyo.

Sasa hela. Uuguzi una faida moja ambayo watu wa nje hawaioni: ni kada. Ina Baraza la Uuguzi na Ukunga linalotoa leseni, ina ngazi yake ya mshahara kwenye TGHS, yaani ngazi za watumishi wa afya serikalini, na vibali vya ajira za afya vikitoka, TAMISEMI wakitangaza, neno Afisa Muuguzi linakuwepo. Halmashauri zote zina zahanati na vituo vya afya na vyote vinahitaji wauguzi. Mwanasaikolojia anaomba nafasi chache sana, na akiajiriwa kama afisa wa kawaida anakaa kwenye TGS. Ngazi mbili tofauti, na ile ya afya inaanza juu zaidi kwa mtu mwenye shahada. Kuna na posho za zamu na za kuitwa kazini, ingawa hizo usizipigie hesabu, zikija ni sawa, zisipokuja usikope juu yake.

Ila nisikudanganye kwamba akimaliza anaajiriwa kesho. Akimaliza miaka minne kuna mwaka mmoja wa utarajali kabla ya leseni kamili, unalipwa posho. Baada ya hapo foleni ya ajira ni ndefu, kuna wauguzi wamekaa mtaani, wengine wanajitolea vituoni kwa posho ya nauli. Na akiajiriwa anaweza kupangiwa wodi ya wazazi. Mimi nilianzia wodi ya wazazi, nikawa naomba kusaidia kliniki ya akili siku zangu za mapumziko mpaka mganga mfawidhi akaona ni heri aniachie. Baadaye kuna uzamili wa uuguzi wa afya ya akili, na ukishaajiriwa unaweza kuomba ruhusa ya masomo huku mshahara unaendelea. Hapo ndipo mwaka wa ziada unapojilipa: hata kama mlango wa afya ya akili umefungwa, anaingia kwa mlango mwingine, anakula, analipa Bodi, anasubiri ukiwa wazi.

Na kama mna wasiwasi wa kuanza kulipa kabla hajapata kazi, Bodi inatoa miezi 24 tangu kuhitimu. Utarajali unakula 12 kati ya hiyo. Mwambie hivyo mapema, asije akaona miaka miwili ni mingi.

Kijana wa Buhongwa

Kuna njia hamjaitaja. Stashahada ya uuguzi, miaka mitatu. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha na ngazi ya stashahada kwa fani za kipaumbele, na afya imo. Ada ni ndogo, anamaliza mapema, anaajiriwa, halafu anajiendeleza akiwa kazini. Deni dogo.

Kaka Nyakato

Division One pointi 9 aende stashahada? Mkuu hapana. Ataanza TGHS B wakati wenzake wako C, na kujiendeleza kutamchukua miaka mingine. Mtoto ana shahada mkononi.

Kijana wa Buhongwa

Mimi naongelea hela ya mama yake, sio heshima ya ufaulu. Deni la chini ya nusu si kitu kidogo kwa familia hii.

Muuguzi Ukerewe

Wote mna hoja. Ninao wenzangu walioanza na stashahada na leo ni maafisa wauguzi wazuri kuliko sisi tulioanza na shahada, mikono yao imezoea. Lakini aliyeanza na stashahada akitaka shahada baadaye anatafuta ada upya, na wakati huo ana watoto. Mimi ningesema stashahada iwe akiba: kama Bodi itampa kidogo sana na chuo kikakataa awamu, basi. Isiwe ya kwanza.

Mdau wa Ohio

Nawasalimu kutoka Marekani, kwetu ni Pasiansi. Naandika kwa sababu uzi kama huu hauchelewi kumpata mtu wa kukwambia "mlete huku, afya ya akili inalipa."

Huku nako hesabu ni hiyo hiyo. Kwa takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023, mshahara wa katikati wa mshauri wa afya ya akili na uraibu ulikuwa dola 53,710 kwa mwaka. Muuguzi aliyesajiliwa, dola 86,070. Ushauri mwingi wenye leseni unadai shahada ya uzamili na saa nyingi za kazi chini ya msimamizi, wakati uuguzi unaingia kwa shahada ya kwanza, hata chini ya hapo. Wenyeji wanakopa serikalini kwa ajili ya ule uzamili na wanalipa miaka mingi. Wapo wanaosamehewa baki ya deni baada ya malipo 120 wakifanya kazi serikalini au kwenye taasisi zisizo za faida, utaratibu huo upo tangu 2007. Na mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo hana haki ya mikopo hiyo ya serikali, anatoa mfukoni.

Kitu kimoja cha huku ningependa kije nyumbani: Wizara yao ya Elimu ina tovuti ambayo kabla hujachagua chuo unaona waliosoma kozi ile chuoni pale wanalipwa kiasi gani na waliondoka na deni kiasi gani. Mzazi anakaa na mtoto wanaangalia wote. Bodi yetu ina majina ya wanaokatwa, ina vyuo vyao, ina kozi zao, na kwa kila anayekatwa 15 wanajua mshahara wake wa msingi. Takwimu zinazomhusu dada huyu ziko kwenye kompyuta zao tayari. Zingetolewa bila majina ya watu, uzi huu usingehitajika.

Mhasibu wa Halmashauri

Mdau umenena, hilo la mwisho lingesaidia maelfu.

Dada, nirudi kwako. Umesema baba alifariki. Kwenye maombi ya Bodi cheti chake cha kifo mlikiweka, na kilihakikiwa RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa na vifo? Kwa aliyefiwa na mzazi hicho ndicho karatasi chenye uzito kuliko vyote. Na kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa kaya maskini, namba ya kaya nayo ina uzito.

Dada wa Mwaloni

TASAF hatumo. Cheti cha kifo kipo, ila jina la baba kwenye cheti cha kifo limeandikwa kwa herufi tofauti na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu. Cha kuzaliwa kimeandikwa Masalu, cha kifo Masaru. RITA walirudisha jibu kwamba hakijathibitishwa. Tukaona basi.

Mhasibu wa Halmashauri

Msione basi. Hiyo herufi moja inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya asilimia ndogo na mkopo mkubwa. Huku kwetu R na L zinawaponza watu wengi sana, karani anaandika alivyosikia. Nendeni ofisi ya RITA ya wilaya na vyeti vyote viwili vya asili, kitambulisho cha mama, na kama cheti cha ndoa kipo kiende pia. Watawaambia kama wanasahihisha wao au wanataka kiapo. Kiapo kinaapwa kwa wakili au mahakamani. Fanyeni kabla dirisha la maombi halijafungwa. Likiwa limefungwa na mgao umetoka mdogo, Bodi hufungua dirisha la rufaa, na pale ndipo mnaweka cheti kilichosahihishwa. Rufaa bila karatasi mpya haibadilishi kitu.

Jambo jingine, chuo binafsi Bodi inalipa ada kwa viwango vyake. Ada ya chuo ikiwa juu ya hapo, tofauti ni yenu hata kama amepata asilimia mia. Mpigie mhasibu wa chuo leo, muulize mambo mawili tu: ada inalipwa kwa awamu ngapi kwa muhula, na mwanafunzi anayesubiri mgao wa Bodi anaruhusiwa kujisajili au la. Vyuo vinatofautiana sana hapo.

Afisa Ustawi Ilemela

Nachelewa lakini niweke la kwangu. Ustawi wa jamii nayo ni kada, ipo kila halmashauri, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni familia zenye mgonjwa wa akili. Miaka mitatu. Kwa atakayesoma uzi huu bila PCB, hii njia ipo. Kwa mdogo wako mwenye PCB, naungana na muuguzi.

Mzee wa Sengerema

Binti, mama amesemaje kuhusu mikopo ya mtaani?

Dada wa Mwaloni

Mzee, shikamoo. Nimemsomea mama uzi huu jana usiku, yote, mpaka ya Ohio. Ile ya mwanafunzi kuambiwa "tuko salama" ilimgusa, kwa sababu kumbe alishachukua fomu kwenye ofisi moja na alikuwa hajaniambia. Fomu tumeirudisha bila kusaini.

Tumekubaliana hivi. Anathibitisha uuguzi. Nimempigia mhasibu wa chuo, ada ni awamu nne kwa mwaka, na anayesubiri Bodi anasajiliwa akilipa awamu ya kwanza. Awamu ya kwanza tunayo: nusu ni mzigo wa dagaa ambao mama ameshauza kwa mfanyabiashara wa Kongo, nusu inatoka kwenye duka langu, nitapunguza bidhaa miezi hii. Jumatatu tunaenda RITA. Mgao ukitoka mdogo na rufaa ikagonga mwamba, tunakaa tena mezani na stashahada inakuwa juu ya meza, yeye mwenyewe amekubali. Mama hakopi kwa ajili ya ada, hilo limefungwa.

Ameniomba nimuulize Muuguzi Ukerewe: tangu mwaka wa kwanza afanye nini ili asipotelee kwenye wodi nyingine?

Muuguzi Ukerewe

Mwambie asiikimbie wodi yoyote. Mama aliyejifungua na akawa halali, analia, hataki kumshika mtoto, yupo wodi ya wazazi, na muuguzi anayejua kumtambua ni nadra. Hiyo ni afya ya akili tayari.

Mafunzo kwa vitendo ya afya ya akili yakifika, kama chuo kinaruhusu kuchagua, aombe Mirembe Dodoma, ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, ataona kila aina ya mgonjwa. Ikishindikana, Bugando hapo hapo Mwanza. Atunze daftari lake la taratibu alizofanya na sahihi za wasimamizi, asilipoteze, kwenye utarajali litamsaidia kuomba apangiwe anakotaka.

Na bumu likiingia kila mara ahifadhi nakala ya ujumbe au ya orodha aliyosaini. Akija kuanza kulipa, alinganishe na deni ambalo Bodi wanamwonyesha kwenye akaunti yake. Mimi yangu ilikuwa na muhula ambao hela haikunifikia, nikawaonyesha, wakarekebisha. Akihitimu aje kisiwani tumtembeze kliniki, boti ya asubuhi inatoka Mwanza.